Pampu Iliyooshwa

Gari la mwalimu wa udereva lilichemka mbele ya lango la soko, mwanafunzi akiwa kwenye usukani. Mvuke ulipofuka chini ya boneti, mwanafunzi aliinua mikono yote miwili.

"Mwalimu, mimi sijagusa kitu!"

Gari lilikuwa limetoka gereji juzi tu, likiwa na pampu mpya ya maji. Alhamisi wanafunzi wawili walikuwa na mtihani wa barabarani, na gari hilo ndilo lililokuwa darasa lake pekee. Wakikosa mtihani, wangehamia shule ya jirani yenye magari matatu na bango jipya.

Jioni gari lilivutwa hadi nyumbani. Wifi yake, ambaye ni wakili, alifika kabla halijapoa.

"Tunamshtaki huyo fundi," alisema mlangoni.

"Wifi, kaa kwanza. Chai ipo."

"Nitakunywa, lakini sikiliza. Aliyelipwa kufanya kazi lazima aifanye kwa uangalifu. Kwanza unampa nafasi arekebishe bila malipo, tena kwa maandishi. Akikataa, fundi mwingine anakagua na kutoa ripoti. Hapo tunakwenda ofisi ya kulinda walaji, au mahakama ya madai madogo. Ila kabla ya hapo asiiguse mtu injini hiyo! Atasema huyo ndiye aliyeiharibu."

Mwalimu alikoroga chai yake bila kunywa. Fundi huyo alilitunza gari tangu likiwa la marehemu baba yake mwalimu. Watu walimwita Msafi, kwa sababu kila kipuri alichokitoa alikiosha kwa petroli mpaka kikang'aa, akakifunga kwenye gazeti na kumkabidhi mwenye gari. "Usije ukasema nimekuibia," ndivyo alivyozoea kusema. Mwalimu hakutaka kukosa mtihani, wala hakutaka kumkosa Msafi.

"Pampu ya zamani iko wapi?" wifi aliuliza. "Huo ni ushahidi. Usiniambie umeitupa."

"Kaka yako anazuia nayo mlango wa jikoni."

"Na haijachemka hata mara moja," mume alijibu kutoka kwenye karai la vyombo.

Wifi aliileta mezani. Mwalimu alishika ekseli yake na kuitikisa. Haikutikisika. Akaitikisa tena, kisha akaweka kijiko chini.

"Wifi, siku ile Msafi alipoitoa, aliniita niishike. Ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Hii imekaza."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii ndiyo mpya."

Asubuhi walifika gereji, wifi akiwa na faili kwapani. Msafi aliitikisa pampu ile, akaketi juu ya tairi.

"Dada, nimekwisha. Niliiosha ya zamani, nikaiweka kwenye benchi kando ya mpya. Mteja akaniita nje. Niliporudi, zote zinang'aa!"

"Yaani umeosha mpaka ukajidanganya mwenyewe," wifi alisema.

"Wakili, nifunge, lakini nifungue hii injini kwanza."

Kufikia adhuhuri mshale wa joto ulitulia katikati. Msafi hakudai chochote, gharama ya kuvuta gari aliibeba yeye, na wifi alimwandikisha dhamana ya kazi hiyo kabla hajanawa mikono.

Alhamisi mwanafunzi mmoja alifaulu. Wa pili aligonga koni akirudi nyuma, akatangaza kwamba gari halina kosa lolote. Kesho yake alirudi darasani.

Mwezi uliofuata wifi mwenyewe alipeleka gari lake kwa Msafi, mwalimu akimfuata na lake. Wifi alikabidhiwa kifurushi kinachovuja grisi, akakishika kwa ncha za vidole.

"Mbona safari hii hukuosha?"

"Wakili," alisema Msafi, "ushahidi hauoshwi."

Mwalimu alicheka hadi akaegemea boneti ya gari lake. Boneti ilikuwa baridi.