Boriti ya Kanisa la Zamani

Jengo lile lilianza kama kanisa. Waumini walipojijengea kubwa zaidi kule mlimani, likawa ghala la mahindi, baadaye ukumbi wa wanyanyua vyuma, na asubuhi hii dada yake seremala alikuwa akilifungua kama shule ya chekechea. Watoto arobaini wameketi mikekani, wazazi wamejipanga ukutani na simu zao, na seremala kasimama nyuma, jasho linamtoka kama mtu aliyepandishwa kizimbani.

Alikuwa ameona vumbi la chokaa juu ya benchi alilolifuta dakika kumi tu zilizopita. Akainua macho. Ufa wa dari ambao jana ulikuwa mwembamba kama uzi, leo kidole kingeweza kuingia.

Sababu aliijua yeye peke yake. Enzi za ghala, mwenye mahindi alitaka magunia yapangwe hadi juu, naye seremala akaikata boriti kubwa iliyozishika kuta mbili zisiachane. Na huyo ndiye mtu anayejiita fundi! Dada alipouliza boriti iko wapi, alimjibu, "Ililiwa na mchwa." Uongo mtupu. Ilikuwa nzima, ngumu hata msumeno ulilia.

Darini pakalia, ko!

Aseme? Dada kauza shamba lake kwa ajili ya shule hii. Anyamaze? Loo, roho yake ilikuwa juu juu.

"Nyuki!" akapaza sauti. "Kuna nyuki darini! Watoto nje, polepole, bila kelele!"

Wakatoka wameshikana mashati, wazazi nyuma yao. Alipomwona wa mwisho akivuka mlango, seremala akashusha pumzi. Kaponea chupuchupu, na siri yake imepona pamoja naye.

Mara akamwona dada yake anarudi ndani na ufagio, anacheka. "Nyuki gani wewe! Tangu utotoni unakimbia hata nzi." Akaenda kusimama katikati kabisa, chini ya ufa, akichungulia juu.

"Dada, toka."

"Ngoja kwanza niwaone."

"Hakuna nyuki, dada! Ile boriti niliikata mimi. Haikuwa na mchwa wala nini. Kuta zinaachana. Toka, nakuomba!"

Ufagio ukamponyoka. Akatoka kwa hatua ndogondogo, kama aliyebeba maji kichwani, akamsubiri seremala atoke, akafunga mlango kwa ufunguo. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Wiki nzima nimelala humo nikipaka rangi," alisema. "Kila asubuhi uliniletea chai, mdogo wangu. Ukakaa, tukanywa."



Dada akawageukia wazazi. "Shule haifunguliwi. Jengo ni bovu, na kosa ni langu," akawaambia. "Nilimwamini fundi."