Utepe wa Kitanda cha Sita

Katika wodi ile, mgonjwa wa kifua kikuu hufungiwa utepe mwekundu kwenye chuma cha kitanda. Ukiuona, unavaa barakoa nzito kabla hujamsogelea. Kitanda cha sita hakikuwa na utepe. Muuguzi aliyekihudumia alijua tu kwamba aliyelazwa pale ni baba mkwe wa rafiki yake, muuguzi mwenzake, na wauguzi hao wawili walikuwa chanda na pete. Kwa siku tisa muuguzi alimwinua mzee, akamfuta makohozi, akacheka naye uso kwa uso, kama baba yake mwenyewe.

Siku ya kumi alikuta majibu ya maabara yamekunjwa ndani ya faili. Kifua kikuu. Yalipokelewa siku ya kwanza, kwa sahihi ya rafiki yake.

Alimfuata chumba cha dawa. "Utepe uko wapi?"

Rafiki akainamisha kichwa. "Mawifi wangesema nimemtia baba yao alama kama mbuzi wa mnadani. Ningeuficha wapi uso wangu?"

"Na mimi ninayenyonyesha?"

"Sikudhani kingekupata, dada. Wewe una afya ya chuma."

Hasira zikampanda hadi utosini. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini wahenga hawakusema kwamba huvaa sare kama yako. Ndipo akakumbuka: siku zote tisa, rafiki yake alizunguka wodini na barakoa nzito usoni, hata chai akainywea nje.

"Nina mafua, dada," alikuwa akimwambia. "Sitaki kukuambukiza."