Mwakenya ya Namba Nane

Kwa miaka kumi na moja ya ualimu nimeshika mwakenya, vile vikaratasi vya kuibia mtihani, za kila namna. Nimezitoa ndani ya soksi, chini ya mkanda wa saa, hata kwenye mkate uliotobolewa katikati. Msichana mmoja alijiandikia mito yote ya Kenya kwenye paja, nami nikampeleka kwa mwalimu mkuu bila huruma huku akinililia. Watoto wa Gredi ya Sita wananiita Bi Kamera. Basi jueni kwamba mwakenya kubwa kuliko zote niliiandaa mimi mwenyewe, Valarie, na aliyeingia nayo kwenye mtihani ni mdogo wangu Opiyo.

Opiyo alikuwa mchezaji wa raga. Namba nane, yule anayesukuma nyuma kabisa ya skramu, pale timu mbili zinaposukumana vichwa chini, kisha anachomoka na mpira kama aliyefukuzwa na nyuki. Kwa miaka tisa aliichezea klabu moja ya hapa Kisumu jioni, na mchana alipakua mifuko ya sukari kwenye ghala la Bwana Yashwant. Mpira ulimpa nauli na chapati mbili. Akijaza fomu yoyote, penye neno "kazi" aliandika "kibarua", kisha akabaki anaikodolea macho ile karatasi kwa chuki. Kwa hiyo klabu ya Ufaransa ilipomwona Nairobi na kumpa mkataba wa miaka miwili, hakuanza na habari za mshahara. Alikuja nyumbani Migosi, tulikokuwa tunaishi pamoja, akaniomba peni.

"Nyaminwa," akaniambia, yaani dada yangu, "kuja uone nikiandika."

Kwenye fomu ya Wafaransa, penye kazi, akaandika: MCHEZAJI WA RAGA. Nililia, wala sioni haya kusema.

Wiki tatu kabla ya safari, kwenye mechi ya kumuaga, goti la mtu lilimgonga pembeni mwa kichwa. Aliinuka upesi. Skramu ilipopangwa, akaenda akajipanga na wapinzani. Uwanja mzima ulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na makofi nikapiga.

Jioni hiyo aliniuliza mara tatu kama tumekunywa chai, kikombe kikiwa mkononi mwake. Kesho yake alitapika, akafunga mapazia yote, akasema jua la Kisumu limeongezwa makali.

Daktari wa klabu, Jasleen, mzaliwa wa hapa hapa mjini, alikuwa akija uwanjani kwa kujitolea. Alimpumzisha, akasema atampima kichwa Jumatano ya wiki ya pili. Akipita, atasaini karatasi ya Wafaransa. Asipopita, atawaandikia ukweli, na Wafaransa walikuwa na namba nane wengine wa kuwaita.

Kipimo chenyewe si kigumu kwa kichwa kizima. Daktari husoma maneno matano, mchezaji huyarudia, kisha huyarudia tena baada ya dakika kumi. Halafu hutaja miezi akianzia Desemba kurudi nyuma. Wechuli, mwenzake wa timu, alikuwa ameipiga picha karatasi ya maswali, na wachezaji wakatumiana kwenye simu kama watoto wanavyotumiana mtihani wa kuiba.

"Vala, nisaidie," Opiyo aliniambia. "Wewe unapitisha hata wale watoto wazito."

"Kichwa bado inauma?"

"Kidogo tu. Niko fiti."

Haikuwa kidogo. Nilikuwa nikimsikia akiugulia bafuni, maji ameyafungulia ili nisisikie. Nilijua. Hilo ndilo nataka lieleweke kabla ya mengine yote: nilijua.

Maneno matano aliyashika kwa siku mbili: mshumaa, daraja, sukari, kofia, tembo. Miezi ndiyo iliyomshinda. Desemba, Novemba, Oktoba, Septemba, halafu ukuta. Akianza upya anakwama pale pale, jasho linamtoka. Mwalimu mwenye akili angefunga kitabu na kumpigia daktari simu. Mimi nilitafuta mbinu. Nikamwambia aachane na miezi, ahesabu jezi za timu. Kumi na mbili, Desemba. Kumi na moja, Novemba. Kila mwezi nikauvisha jezi yake. Tulipofika alipokuwa akikwama, nikamuuliza, "Nane ni nani?"

Akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile. "Nane ni mimi."

"Basi wewe ndiye Agosti."

Kuanzia hapo akateremka mpaka Januari bila kusita. Nilijiona bingwa. Tulikwenda Dunga tukala samaki wa kukaanga, mimi ndiye niliyelipa, na njia nzima kurudi alikuwa akinihesabia jezi.

Jumatano alipita yote. Lakini Jasleen si mtu wa kuchezewa. Alinifuata nje ya chumba cha kubadilishia nguo, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wewe unamjua mtoto aliyeelewa na mtoto aliyekariri. Na unaishi naye. Nakuuliza wewe, yuko sawa?"

Nyuma yake, mlangoni, Opiyo alikuwa ananitazama na ile fomu mkononi.

"Yuko sawa, daktari," nikasema.

Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilifika Ufaransa.

Alicheza mechi nne. Katika ya tano aliangushwa kwa kikumbo chepesi, cha kuinuka na kujipangusa, na hakuinuka. Simu ilinikuta nikisahihisha insha. Walimpasua, wakatoa damu iliyokuwa imevilia, wakafanya yote wanayoweza watu wenye vifaa. Baada ya miezi saba wakaturudishia Opiyo asiyetujua.

Sasa yuko Kombewa kwa mama yetu, Dorca. Anakula kwa kulishwa, anatembea kwa kushikwa. Mama anamwogesha, mwanamume wa kilo mia, kama alivyomwogesha alipokuwa mchanga. Opiyo alizaliwa pacha, na mwenzake Odongo hakumaliza wiki.

"Mungu aliniachia mmoja," Mama alikuwa akisema, "na hata huyo mmoja watu wakamwonea wivu."

Watu hao walikuwa na jina: Rosa, jirani yetu wa huko Kombewa, ambaye siku ya kumuaga alimpapasa Opiyo kichwa akisema kichwa hiki kitatuletea sifa. Mama aliacha kumsalimia. Kisha Jumamosi moja akaniambia kwamba kesho atamtaja mbele ya kanisa zima, amwambie afungue alichofunga. Wakati ule ule nilimwona Rosa kupitia dirisha. Aliweka fungu la sukuma wiki langoni, akaenda zake bila kubisha, kama alivyofanya kila wiki tangu Opiyo arudi.

"Mama, si Rosa," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote. Karatasi, jezi, swali la daktari, jibu langu. Alikuwa anasuuza kikombe. Alikisuuza muda mrefu sana. Nilingoja kofi, na kusema kweli nililitamani.

"Ulimfundisha uongo na akashika," alisema mwishowe. "Si wewe ni mwalimu? Basi mfundishe jina yangu."

Akajifunga leso, akaenda kwa Rosa, akakaa huko mpaka jua likapoa. Mimi hajaniambia lingine tangu siku hiyo, isipokuwa habari za dawa na maji.

Kila Jumamosi naenda Kombewa na kadi zangu za darasani. Picha ya Mama, chini yake nimeandika MAMA. Picha yangu, VALA. Namwonyesha ya Mama, namuuliza huyu ni nani. "Mshumaa," ananijibu. Namwonyesha yangu. "Daraja." Anajibu kwa heshima na kwa bidii, na mimi natoka nje kidogo kujifuta uso, narudi.

Jumamosi iliyopita niliziweka kadi chini. Nikamshika mkono, nikasema, "Kumi na mbili."

"Desemba."

"Kumi na moja."

"Novemba."

Sauti ilikuwa yake kabisa, ile ya zamani. Mama alikuwa anaingia na uji, akasimama mlangoni, na nikaona uso wake unavyofunguka. Kumi. Tisa. Hakukwama popote. Nikaubana mkono wake.

"Nane ni nani?"

"Agosti."

"Nane, Opiyo. Nane ni nani?"

Alinitazama kwa makini, akitafuta kosa lake liko wapi.

"Agosti," akarudia taratibu. Kisha akauliza, "Nimepita, mwalimu?"

Nilimgeukia Mama. Alikuwa ananitazama, uji unapoa mikononi mwake, anangoja nimjibu mwanawe.

"Umepita," nikasema.