Chupa Kumi na Mbili za Mathias

Luciana alikuwa hajalia. Watu wa Mwazye, kijijini kwa wakwe zake, walishalisema hilo jikoni, wakalisema kisimani, na wasio na haya walilisema mbele yake. Mume wake Mathias aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, barabara ya Matai, akazikwa, siku arobaini zikaisha, na macho ya mjane bado makavu. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa amekufa ganzi tu, hata uji wa ulezi aliopewa asubuhi aliumeza bila kujua kama umetiwa sukari.

Arobaini ilipopita alirudi kazini, kwenye maabara ndogo ya chuo cha kilimo pale Sumbawanga, ambako yeye na Mathias walifanya kazi meza moja. Kilichomrudisha ni chupa kumi na mbili. Ndani yake mlikuwa na maji yenye chumvichumvi, na ndani ya maji waliishi sainobakteria, viumbe wadogo wa rangi ya kijani kibluu ambao Mathias aliwatoa kwenye ntumba ya baba yake. Kama hujawahi kuona ntumba, ni tuta la duara ambalo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze, msimu unaofuata wakalibomoa na kupanda ulezi. Ntumba moja ya mzee huyo, Flavian, ilistawisha kuliko zote, na Mathias, mbishi yule, hakutulia mpaka ajue kwa nini. Kwa miaka miwili alichambua viumbe wa udongo ule, walioungana kama nyuzi, uzi mmoja mmoja chini ya hadubini, hadi akampata huyo anayekamata hewa na kuigeuza mbolea.

Ntumba yenyewe ilishabomolewa. Mtoto hawakujaliwa. Kilichobaki cha Mathias duniani kilikuwa kwenye zile chupa, na baba yake alishaandaa ntumba mpya ishirini, akisubiri kuzimwagia maji hayo.

Mlangoni Luciana alimkuta Amos, mlinzi wa maabara, mtu mzima wa Mpui asiyevua kofia ya sufu hata jua likiwaka.

"Pole sana, madam," alisema Amos. "Ila kwa hawa mifugo wenu usiwe na wasiwasi. Nimewalisha kila asubuhi."

"Asante, Amos."

Hapo ndipo angeuliza: umewalisha nini? Hakuuliza. Aliziona chupa zimekolea kijani kuliko alivyoziacha, akaona inatosha. Mtu aliyekufa ganzi hana maswali. Jioni alimpigia simu mkwewe akamwambia wako salama.

Wiki ya tatu ilikuwa zamu ya kuwahamishia kwenye maji mapya. Kwa mazoea tu akaweka tone kwenye hadubini. Alitazamia nyuzi, kama shanga zilizotungwa, na katika kila uzi zile chembe nene chache zinazotengeneza mbolea. Aliona vidude vya duara, kila kimoja kivyake. Ulikuwa mwani wa kawaida, ule unaoota kwenye pipa la maji ya mvua. Alitazama chupa ya pili, ya tatu, mpaka ya kumi na mbili, na zote zilikuwa hivyo hivyo.

Akamwita Amos akamuuliza, akiwa amechelewa wiki tatu.

"Yurea, madam," Amos alijibu bila kusita. "Ile ile ninayokuzia mahindi yangu. Ncha ya kijiko tu. Kwetu mtu akifiwa, jirani ndiye anayelisha kuku wake. Nikasema na hawa wasife njaa, mwenyewe yuko msibani."

Siri yote ya kazi ile ilikuwa kutowapa mbolea. Sainobakteria wa Mathias walijipikia wenyewe; maji yasiyo na mbolea ndiyo yaliyokuwa ua wao, maana kila mdowezi aliyeingia alikufa njaa. Yurea ilifungua mlango. Wadowezi wakala, wakajaa, wakawamaliza wenyeji.

"Asante, Amos," Luciana alisema tena. Angesema nini?

Alichota matone, moja katika kila chupa, akayatia kwenye maji mapya yasiyo na mbolea, akawasha taa, akangoja. Kama ulibaki hata uzi mmoja, ungeota. Baada ya wiki tatu maji yalikuwa ya njano, kisha meupe. Aliandika kwenye daftari: hakuna. Aliandika mara kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri, na moyo wake haukugutuka.

Alhamisi mzee Flavian alifika na dumu lililosuguliwa kwa mchanga mpaka likang'aa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wako wapi?"

Luciana alimkalisha kwenye kiti cha Mathias akamweleza yote, kwamba kile kijani rafuni si chochote, na kwamba wa Mathias wamekufa. Mzee aliinamisha kichwa akalitazama dumu lake. Alionekana mdogo ghafla.

"Nani aliyewapa mbolea?"

Vikombe vililia koridoni. Amos alikuwa anakuja na chai.

"Mimi, baba. Nilichanganyikiwa."

"Siku zote arobaini," mzee alisema polepole, "ulikuwa kwangu Mwazye."

Wakati huo Amos alishaingia. Aliweka sinia mezani, akamsalimia mgeni, kisha akaelekeza mkono rafuni kwa fahari.

"Mzee, umewaona watoto wa marehemu walivyonawiri? Nimewalisha mwenyewe. Kila asubuhi niliwaambia, mama yenu yuko msibani, anarudi, kuleni."

Luciana alifumba macho. Alimsikia mkwewe akiinuka, na alipofumbua alimwona amemshika Amos mkono kwa mikono yake yote miwili, akiinama kama anavyoinama mtu aliyepewa kitu kikubwa.

"Asante, ndugu yangu," mzee alisema. "Nimewaona. Umefanya kazi ya ndugu."

Kisha akamgeukia Luciana akamwomba amjazie dumu. Luciana alilijaza, kwa utulivu, bila kumwaga hata tone la mwani ule usio na faida. Mzee alilibeba kifuani, akaaga, akashuka ngazi.

Amos alimsindikiza kwa macho, kisha akazihesabu chupa zilizosalia rafuni. "Madam, hawa waliobaki, kesho niendelee kuwapa?"

Luciana alifungua mdomo aseme ndiyo. Badala ya neno kilitoka kilio, kikubwa, kilichosikika mpaka getini, naye akakaa chini sakafuni. Amos alivua kofia yake, akaketi kando yake pale chini.

"Lia, mama," alimwambia. "Wala usijizuie."