Tulisikilizana

Kidole changu kilisimama kwenye aya ya kumi na moja ya barua, kikakataa kwenda mbele. Upande wa pili wa meza Sylvestre alikaa na kofia yake ya sufu magotini, akingoja nimsomee kwa Kiswahili yale ambayo serikali ilikuwa imemwandikia kwa Kiingereza. Kando yangu Mandeep, wakili wake, mwanamke kijana, alishika kalamu. Ilikuwa Jumamosi, na chini yetu, katika barabara za Aston, watu walikuwa wakielekea uwanjani kwa mechi ya mchana. Nyimbo zao zilipanda mpaka dirishani.

"Endelea, Papa," Sylvestre alisema. "Mi niko tayari."

Yeye alikuwa tayari. Mimi sikuwa.

Aya yenyewe haikuwa ndefu. Ilisema kwamba katika mahojiano yake mwombaji aliulizwa juu ya ugomvi wake na kaka yake Ruben, ugomvi wa bunduki zilizofichwa katika gereji yao kule Uvira, na kwamba mwombaji alijibu kwa kinywa chake, "We made it up." Kwa hiyo mwombaji alikuwa amekiri kwamba kisa hicho alikitunga, na mtu aliyetunga hicho hakuna sababu ya kumwamini katika vingine. Ombi la hifadhi limekataliwa. Alipewa siku kumi za kukata rufaa, na sita zilikwisha pita.

Maneno yale manne ya Kiingereza hayakuwa ya Sylvestre. Yalikuwa yangu.

Miezi minne kabla ya siku ile nilikuwa nimekaa katika chumba kingine, kati ya Sylvestre na afisa wa uhamiaji, nikiwa mkalimani. Afisa aliuliza ugomvi uliishaje. Sylvestre akajibu, "Tulisikilizana." Hakuna Mswahili asiyelielewa neno hilo, awe wa Uvira au wa Nakuru nilikozaliwa mimi: waligombana, wakaketi, kila mmoja akamsikia mwenzake, yakaisha. Ningeweza kulisema kwa Kiingereza kwa njia kumi. Nikachagua ile ambayo mzaliwa wa hapa angeichagua, maana nilitaka afisa asikie kwamba mimi niliyekuwa nikisema naye sikujifunzia Kiingereza kitabuni. Lakini usemi huohuo ni kupatana, na ni kutunga uongo, na ni kujipodoa, na ni kufidia kilichopungua. Mwingereza huchukua kitenzi cha kawaida, akakitundikia kijineno nyuma, kisha akakuachia wewe ukisie. Afisa aliandika alichosikia. Aliyetunga barua hakuwamo chumbani. Yeye aliona wino tu, akakisia.

Na mimi ninajua kukisia kulivyo. Nilifika mji huu mwaka 1968, kijana wa miaka ishirini na miwili, na cheti cha shule chenye alama za juu za Kiingereza. Nikapata kazi katika kiwanda cha vitasa. Siku ya tatu nilikuwa nikipiga mluzi, msimamizi akanigeukia akafoka, "Pack it in!" Alitaka ninyamaze. Mimi nikadhani ninaambiwa nifungashe, nikatafuta katoni, nikaanza kumpakilia vifaa vyake vyote, nyundo, tupa na mikasi, kwa adabu kabisa. Kiwanda kizima kilicheka mpaka wakati wa chakula. Kwa miaka mitatu iliyofuata waliniita Packer, mfungashaji, jina ambalo masikioni mwangu lilikuwa Paka.

Tangu hapo nikaanza kuwinda vijineno vile. Niliviandika nyuma ya tikiti za basi, nikavikariri njiani kurudi nyumbani Great Barr. Nilipostaafu, majirani Waingereza walikuwa wakiniletea mafumbo ya maneno ya magazetini niwamalizie. Nilipoingia katika ukalimani, maafisa walikuwa wakiniambia kwamba Kiingereza changu kinawashinda wao. Nakiri, nililipenda hilo kupita kiasi. Watu walikuja na maneno yao yaliyochoka, nami nikayavisha suti kabla ya kuyapitisha mlangoni. Hakuna aliyewahi kuniomba niyavishe.

Sasa Sylvestre alikuwa akinitazama, na uso wake ulikuwa na imani ambayo ilinichoma. Tulipokutana asubuhi ile ngazini alinishika mikono yote miwili. "Papa Hemant, ni weye! Mungu asifiwe, leo sina woga."

"Wanasema hawakuridhika na habari za ugomvi wako na Ruben," nilimwambia, nikageuza ukurasa.

Mandeep aliinua macho. Bibi yake alitoka Kampala, lakini yeye alizaliwa hapa, na Kiswahili alichorithi kiliishia jikoni, sufuria na haraka na basi. Kuhesabu mistari, hata hivyo, hakuhitaji Kiswahili.

"Anko," alisema kwa Kiingereza, "aya hiyo ina mistari minane. Wewe umesema sentensi moja."

Nilisema koo limenikauka. Akanimiminia maji, akangoja ninywe. Kisha akasema, "Muulize kwa nini aliwaambia kwamba alikitunga kile kisa."

Nikamuuliza. Ningefanyaje? Nilimuuliza Sylvestre, kwa Kiswahili changu kizuri, kwa nini alisema kwamba alidanganya.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikunja uso polepole, akaanza kujitafuta ndani ya kumbukumbu yake mwenyewe. "Mi? Nilisema nilidanganya? Juu ya Ruben?" Alipitisha kofia kutoka mkono hadi mkono. "Siku ile sikukuwa nimelala vizuri. Donc, basi, pengine kichwa ilichoka. Pengine ilinitoka. Lakini Papa, namna gani muntu anaweza kusema uongo juu ya mukubwa wake aliyekufa?"

Nilimfasiria Mandeep. Sauti yangu haikutikisika, na kwa hilo najionea haya mpaka leo.

Mandeep aligonga meza kwa kalamu. "Huenda kosa ni la mkalimani," alisema. "Hutokea. Muulize mkalimani wa siku ile alikuwaje. Walielewana? Alikuwa hodari?"

Chini, umati ulianza wimbo mpya. Nilimgeukia Sylvestre nikamuuliza kama mkalimani wa siku ile alikuwa hodari.

Kwa mara ya kwanza tangu barua ifunguliwe, alicheka. "Si ni weye, Papa! Unaniuliza tena? Mwambie alikuwa muzuri sana. Kiingereza yake ilikuwa inatiririka kama maji."

Mandeep alisubiri, kalamu juu ya karatasi. Hakuna aliyekuwa amenibana. Ningeweza kusema, "Hakumbuki," na mambo yangeendelea. Sylvestre asingejua. Mandeep angekata rufaa kwa kubahatisha, na mimi ningerudi Great Barr na jina langu safi. Mtu mmoja angerudishwa Uvira akiamini kwamba ni ulimi wake uliomsaliti. Niliona aibu, kisha nikaona hofu, na nikajua kwamba hofu ile haikuwa kwa ajili yake. Ilikuwa yangu, ya yule kijana mwenye katoni, aliyeogopa kuchekwa tena.

"Mkalimani wa siku ile nilikuwa mimi," nilimwambia Mandeep. "Yeye hakusema alitunga. Alisema walipatana. Maneno ya Kiingereza niliyachagua mimi."

Mandeep alifunga kalamu, akaifungua tena. "Unaelewa kwamba utaliandika hili na kutia sahihi? Kwamba wewe sasa ni shahidi, huwezi tena kuwa mkalimani wake?"

"Naelewa."

"Na kwamba huenda hawatakuita tena? Si kwa kesi hii tu?"

"Naelewa, binti yangu."

Akavuta karatasi safi. "Basi niambie alichosema. Neno kwa neno."

Misemo ya Kiingereza ikajipanga kichwani mwangu kama ilivyozoea, mmoja wa kuzika shoka, mwingine wa kutia viraka, mwingine wa kunyoosha makunyanzi. Yote mizuri, yote ya miaka thelathini na sita ya tikiti za basi. Nikaiacha ipite.

"They listened to each other," nilisema. Walisikilizana.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Kilikuwa Kiingereza cha mtoto, cha mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi. Mandeep alikiandika, akakipigia mstari, akainuka kwenda kumpigia simu Elmi, mkalimani mwingine, aje achukue nafasi yangu.

Tukabaki wawili. Sylvestre aliuliza kimetokea nini, nikamweleza kila kitu bila kupamba. Nilimwambia lile neno lilivyokuwa, nilivyoligeuza, walivyolisoma. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza nilisema, "Nisamehe."

"Asubuhi tulisikilizana," alisema mwishoni, akiwa kama anaiambia kofia. "Saa nane ya mchana walikuja kumukamata. Hiyo neno ndio kitu ya mwisho niko nayo ya Ruben. Weye ukaifanya uongo."

Nilichukua mkoba wangu nikatoka. Ngazi za jengo lile ni nyembamba na zinanuka rangi mbichi. Nilikuwa nimefika katikati niliposikia mlango ukifunguka juu yangu.

"Papa."

Niligeuka. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia bado mkononi. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari kupokea.

"Mi na weye," alisema, "bado hatujasikilizana."

Alishuka, akaketi kwenye ngazi, ngazi moja juu ya pale niliposimama. Hakuninyooshea mkono. Niliweka mkoba chini, nikaketi. Uwanjani watu walipiga kelele kubwa, za bao au za bao lililokosekana, sikuweza kutofautisha, naye akangoja mpaka zikatulia.

"Asubuhi ile," alianza, "Ruben alikuja na mukate. Aliukata, akanipa kipande ile kubwa. Ni vile nilijua anataka tuongee."

Midomo yangu ilikuwa imeanza kujongea yenyewe, ikitafuta Kiingereza chake. Niliifunga.