Mwaka Ulipofungwa Ua wa Bi Mwanabaraka

Hakuna aliyemteua Bi Mwanabaraka kulea watoto wa Makurunge. Ilianza tu. Mpunga wa bonde la Kingani ukishatoa masuke, ndege huja makundi kwa makundi, na hao ndege, ukiwaachia asubuhi moja tu ukalala, mwaka huo utakula majani. Ndiyo maana wanawake hupanda madungu yao, vile vichanja vya kulindia mpunga, alfajiri, kombeo mkononi, wakapiga kelele mpaka jua lizame. Sasa mtu atakaaje juu ya dungu na mtoto anayetaka kushuka kila akiona panzi? Mmoja akamwachia Bi Mwanabaraka mwanawe, wa pili akaona, wa tatu akaona wivu, na mwishowe ua ukajaa.

Naye hakuwa na mtoto. Aliwahi kuwa nao, Mungu akawachukua wangali wadogo, na mume akafuata. Watu walidhani wanampa kazi. Lo, kazi gani! Walikuwa wanampa uhai.

Hata leo ukimtajia miaka ile, macho yake yanalainika. Anakumbuka moshi wa asubuhi, na akina mama wakipita mmoja mmoja na konzi ya unga na ukuni, wakimkabidhi mtoto ambaye bado anasinzia. Anakumbuka watoto wakitwanga mchanga katika vifuu, wakiozana asubuhi na kuachana kabla ya adhuhuri, mahari yenyewe majani ya mkunde. Mchana aliwapakulia muhogo wa nazi kwenye chano kimoja, nao wakakizunguka wote, viwiko vikigombana. Wakishiba walilala mkekani, miguu ya huyu tumboni mwa yule, na yeye akakaa akiwapepea na kuona dunia haijampungukia kitu.

Na katikati yao Ausi. Ausi alikuwa mwana wa Sikuzani, mjane kijana ambaye hakuwa na mama wala mkwe wa kumshikia mtoto. Jamani, mtoto yule alikuwa na mdomo! Aliuliza kama kuku ana bibi. Aliuliza kwa nini jua halina miguu na linakwenda. Bi Mwanabaraka alijifanya kuchoka, akamwambia, "Ausi mwanangu, yapumzishe masikio yangu, ni mazee haya," kisha mtoto akinyamaza kidogo tu, yeye mwenyewe humchokoza aanze tena.

Jambo moja hakulifanyia mzaha: adabu. Mtoto aliyekaa uani kwake ilimpasa aamkie kila mkubwa, amwendee, amshike mkono, aseme "shikamoo" asikike. "Kwangu mbuzi ndio hawaamkii," alikuwa akisema. Wengine waliona haya. Ausi, wapi! Aliamkia wageni, akamwamkia muuza chumvi, akamwamkia hata punda wa muuza chumvi, na punda alipokosa kuitikia marahaba akaja kumshitaki.

Kisha ukaja mwaka wa ndui.

Ilishuka na msafara kutoka bara. Wapagazi waliingia Bagamoyo wengine wakibebwa badala ya kubeba, na baada ya siku chache habari za mji zikawa maziko tu. Jumbe Mwinyijuma akawaita watu barazani kwake, kwa sababu kila mtu alikuwa ana lake la kusema juu ya ua ule.

Hija, mama wa watoto watatu, ndiye aliyeanza. "Ufungwe. Watoto wa nyumba zote kuwaweka pamoja wakati huu ni kuuita ugonjwa uje ule chakula tayari."

"Wewe una mama mkwe nyumbani," Sikuzani akamrukia. "Mimi nina nani? Nikikaa na mwanangu, mpunga unaliwa. Mpunga ukiliwa, tunakufa njaa, na hiyo njaa nayo nani ataifungia mlango?"

"Heri njaa, utaomba."

"Nitaomba kwako? Nakujua, Hija!"

Watu wakacheka kidogo, cheko la hofu. Bi Mwanabaraka akasimama, akasema kwa ukali kwamba yeye hafungi. Ndui anaijua, aliugua akiwa mwali, makovu haya hapa usoni, na kijijini hapa hakuna mgonjwa hata mmoja. Mwinyijuma akapapasa ndevu zake. "Mama, ua ni wako," akasema. "Mimi siwezi kukuamrisha ndani ya nyumba yako." Bi Mwanabaraka akarudi kwake ameshinda, na wala hakufurahi.

Mchana wa siku ya pili yake akapakua kama kawaida. Akakaa kuwatazama. Binti mdogo wa Hija akauma kipande cha muhogo, akakiona cha moto, akakitoa mdomoni, akampa mwenzake. Mwenzake akakila. Ausi alikuwa akimtafunia mtoto asiye na magego, anatoa kinywani mwake na kumtia kinywani, taratibu, kama alivyomwona Bibi akifanya. Siku nyingine zote angeona ni mapenzi, na mapenzi ndiyo yalikuwa. Ila siku ile aliona kwamba akiingia mmoja na homa, kabla hajajua atakuwa amewalisha wote.

Jioni aliwasubiri akina mama mlangoni. "Kuanzia kesho msiniletee," akasema. "Mpaka mabaya haya yapite."

Hija akamshukuru. Wengine wakaguna, wakachukua watoto wao. Sikuzani akabaki.

"Basi mpokee Ausi peke yake. Bibi, nakupigia magoti. Mmoja tu."

Wallahi, alitaka. Alitaka kuliko Sikuzani mwenyewe. Lakini Hija alikuwa hajafika mbali, akageuka. "Akiingia wa Sikuzani, na wangu nawaleta. Wangu ni wa mbwa?" Na wale wengine nao wakasimama njiani kusikiliza jibu. Bi Mwanabaraka akajua mlango ukiachwa wazi kwa mmoja haujafungwa.

"Siwezi, mwanangu," akasema.

Sikuzani akainuka, akajifunga kaniki yake vizuri, akamshika mwanawe mkono. "Haya," akasema, na Ausi akawa anauliza njia nzima kwa nini Bibi hakusema kwaheri.

Shamba la Sikuzani lilikuwa chini kabisa, karibu na njia ya misafara, pale wapagazi wanapotua mizigo kungoja kuvuka mto. Akampandisha mtoto dunguni, akamkataza asishuke. Lakini mkono mmoja uko kwenye kombeo, jicho liko kwa ndege, na mtoto ni mtoto.

Habari aliileta Hija, naye aliieleza kwa kuisifu. "Yule Ausi umemfundisha, Bibi. Watu wamekaa wamechoka, mara akatokea mpungani akawaamkia mmoja mmoja, na mkono akawapa! Wale wapagazi walicheka mpaka wakasahau safari, wakampa muwa."

Bi Mwanabaraka alikuwa anachekecha unga. Akaweka ungo chini.

Homa ilipompanda Ausi, Bi Mwanabaraka alikwenda mbio kadiri miguu ilivyompa. Alibisha hodi, akasema, "Sikuzani, fungua, mimi nimeshaugua, hainipati tena, nikusaidie kumwuguza." Sauti ikatoka ndani: "Na mimi nilibisha kwako." Akaomba, akalia waziwazi mbele za watu, mlango haukufunguliwa. Basi akateremka bondeni, akapanda dungu la Sikuzani pamoja na uzee wake, akafukuza ndege mpaka sauti ikakauka. Hilo tu ndilo aliloachiwa kufanya. Alikuwa huko huko juu aliposikia kilio kutoka kijijini.

Walimzika Ausi alasiri. Watoto wengine wa ule ua, hakuna aliyepata hata kipele. Mama zao walikuja kumpa mkono na kumwombea dua, wakasema amewaokolea kizazi, naye aliitikia kwa sababu ni adabu kuitikia. Kila shukrani ilimwingia kama mwiba.

Ndui ilipita, mavuno yakaingia, na msimu mwingine wa kuamia ndege ukafika. Asubuhi ya kwanza watoto waliletwa, wengine wamemsahau, wakamlilia kama mgeni. Alikuwa bado anawabembeleza alipomwona Sikuzani amesimama penye upenyo wa ua, konzi ya unga mkononi, hana mtoto. Tangu yale maziko hawakuwa wamesemezana.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Sikuzani akauweka unga kwenye ungo pamoja na wa wenzake. "Leo siendi bondeni mapema," akasema, akitazama watoto na si yeye. "Mimi nilikuwa namleta kumekucha na kumchukua jua limezama. Usiku analala, na mimi nimechoka. Nimekaa mwaka mzima nikimkumbuka, nimegundua nina usingizi wake tu. Mchana wake sina. Unao wewe."

Bi Mwanabaraka akamgeukia.

"Nipe, Bibi. Hata kidogo."

Akamsogezea nafasi mkekani. Wakakaa bega kwa bega, mtoto wa mtu analia mapajani mwa mmoja, mwingine amemvamia mwenzake. Bi Mwanabaraka akakohoa kuisafisha sauti.

"Siku ya kwanza," akasema, "alikataa kula mpaka nimwambie jina la kuku. Kuku hakuwa na jina. Nikamwambia anaitwa Sikuzani."

Sikuzani akajifunika uso kwa kaniki, mabega yakitikisika. "Ehe," akasema toka humo ndani. "Halafu?"