Jicho la Kushoto Ladai Nyumba Yake

Usiku wa jana niliota jicho langu la kushoto limenishitaki, na niseme mapema: siku hiyo mjinga alikuwa mimi. Kazi yangu ni kusherehesha harusi hapa Tanga. Mwanakheri, mpambaji wetu, aliniazima lenzi za macho za rangi ya asali ili nipendeze mbele za watu. Nilizisuuza bombani, nikazivaa, nikapiga kelele ukumbini hadi nikachoka, nikarudi nyumbani nikalala nazo.

Sasa nimesimama ukumbini na kipaza sauti mkononi. Natangaza kwamba maharusi wanaingia. Kipaza sauti kinakohoa.

"Maharusi watasubiri," kinasema. "Kuna kesi."

Ukumbi unakuwa baraza la kata. Mwenyekiti ni ule ubao wa herufi wa hospitali ya macho, na anazungumza kama alivyoandikwa: anaanza kwa sauti kubwa, anamalizia kwa mnong'ono. Jicho langu limekaa kwenye benchi, jekundu kama nyanya, limekunja mikono. Mikono limeitoa wapi, sijui.

"Mheshimiwa," linasema, "huyu bwana kaniletea mpangaji bila kupima hata mlango. Mpangaji kaja na bati, kaziba dirisha lote. Sipumui."

"Kwani jicho linapumua?" nauliza.

Baraza zima linacheka, mpaka viti.

Hasira zinanipanda. Nashitakiwa na kiungo changu mwenyewe, ninachokiosha kila asubuhi? "Mheshimiwa, wahenga walisema macho hayana pazia. Mwanakheri kaleta pazia. Kosa langu liko wapi?"

"KWA HIYO UNADHANI," ubao unanguruma, "Muumba alikosa kitambaa?"

Sijajibu, tumo ndani ya jicho langu. Ni chumba kimoja, dirisha limezibwa kwa bati la rangi ya asali. Sakafuni kuna familia inakula ubwabwa, magodoro wameyaviringisha pembeni.

"Nyinyi nani?"

"Sisi wa bombani," baba yao anajibu kwa adabu. "Uliposuuza lenzi ukatubeba. Karibu chakula."

"Karibu chakula, kwangu?"

"Ulipofumba macho tukajua tumeruhusiwa kulala." Anachukua kijiko, anaanza kuchimba ukuta.

"Unafanya nini?"

"Msingi. Tunajenga."

Pembeni amekaa msichana mwenye hina hadi viwikoni, kope zake zimejaa vumbi la kijani linalometameta. "Mimi bibi harusi wa wiki iliyopita," anasema. "Lenzi hiyo niliivaa mimi kabla yako. Jicho liliwasha, nikamwambia Mwanakheri. Akanijibu, ukitaka uzuri sharti udhurike."

"Na mimi kaniambia hivyo hivyo."

"Basi tumedhurika sote, kaka. Ila mimi nililipiwa mahari. Wewe umelipiwa nini?"

Ubao unatoa hukumu. "MPANGAJI ASIPOTOKA, jicho litahama, na likihama..." Neno la mwisho halisikiki. Nainama, natega sikio, wapi.

"Amesema sirudi," jicho linanifafanulia.

Navuta bati kwa mikono miwili. Limeganda. Wa bombani wananitazama kama mimi ndiye mvamizi. Msichana anasimama, ananipulizia usoni lile vumbi la kijani. "Amka, kaka. Kunakucha."

Nikaamka. Jicho la kushoto lilikuwa limegandana kwa tongo, linachoma kama limetiwa pilipili. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikazitoa lenzi taratibu. Ya kushoto nikaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Ukingoni palikuwa na chembe moja ya kijani, inametameta. Harusi ya jana ilikuwa ya rangi nyeupe na nyekundu. Na mimi, tangu nizaliwe, sijapaka kitu kopeni.

Mke wangu Siwema alikuwa keshavaa, mkoba begani. "Twende hospitali ya macho."

"Mchana nina harusi Chumbageni. Nitanunua matone dukani, yatatosha."

"Uliyoyafanya jana hayajakutosha?"

"Usinisimange, mama Tunu. Jicho likiwasha kidogo ndiyo hospitali? Halafu sema kweli ya Mungu, jana nilipendeza au sikupendeza?"

Akanitazama lile jicho jekundu.

"Ulipendeza, baba Tunu. Na siku nikipendeza mimi, utaniona kwa jicho lipi?"